Programu za chinichini: namna ya kuzisoma na kuzizima kwenye kompyuta ya nyumbani

Mwanafunzi wa kitivo chetu mwenye kompyuta yake mara nyingi ameinunua ikiwa imekwisha kutumika. Imetoka Ulaya au Dubai, imepita mikono miwili mitatu, na kila mkono umeacha kitu ndani yake: programu ya kichapishi ambacho hakipo tena, mchezo wa mtoto wa mtu, antivirusi mbili zinazogombana, upau wa kutafutia ambao hakuna anayejua uliingiaje. Asubuhi anaiwasha ili aendelee na TFC, na maji ya chai yanachemka kabla ukurasa wa kwanza haujafunguka. Feni inavuma ingawa hakuna kazi yoyote aliyoipa. Mega alizonunua jana jioni zimekwisha, naye hajatazama hata video moja. Watu husema mashini imezeeka. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi zaidi kuna programu zinazofanya kazi ndani yake bila kuitwa na bila kuonekana. Tunataka kuzungumzia hizo.

Jambo hili linatuhusu sisi watu wa lugha kuliko linavyoonekana. Kompyuta za wenzetu wengi zimebeba rekodi za sauti: ngano, nyimbo za kazi, mahojiano na wazee wa vijijini. Baadhi ya wazee hao wameshafariki, na hakuna safari ya pili ya uwandani itakayowarudisha. Mashini inapoanza kusumbua, ushauri wa kwanza wa fundi wa mtaani huwa ni kuiformati. Ushauri huo humaliza tatizo la dakika ishirini kwa kufuta kazi ya miaka miwili. Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote inayofuata, nakili rekodi na maandishi yako kwenye diski ya nje. Kuna onyo moja kuhusu diski hiyo, nalo tutalifikia kwenye sehemu ya flashi.

Tuziiteje?

Kwenye Windows ya Kifaransa, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, programu hizi ziko chini ya kichwa «Processus en arrière-plan». Kiswahili chake hakijatulia. Wengine husema «mandharinyuma», neno linalofaa kwa picha: kile kilicho nyuma ya mtu aliyepigwa picha. Lakini mandhari hutazamwa, na programu hizi tatizo lake ni kwamba hazitazamiki. Wengine husema «usuli», neno ambalo kila aliyeandika tasnifu analijua kutoka sura ya kwanza, «usuli wa utafiti». Hapo linamaanisha historia iliyotangulia jambo, si kazi inayoendelea sasa hivi. Mimi natumia «programu za chinichini», kwa sababu mtu anayefanya jambo chinichini analifanya sasa, analifanya bila kelele, na neno lenyewe halijasema kama analofanya ni zuri au baya. Sifa hiyo ya mwisho ni muhimu, maana nyingi za programu hizi ni za lazima.

Mafundi wa mifumo ya Unix waliziita kwa jina lingine, «daemon», ambalo Kifaransa kimelipokea kama «démon». Jina hilo lilianza mwaka 1963 kwenye mradi wa MAC huko MIT, Marekani, katika kundi la Fernando Corbató, na lilitokana na mfano wa mwanafizikia James Clerk Maxwell: kiumbe kidogo cha kufikirika kinachokaa mlangoni kati ya vyumba viwili na kuchambua chembe za gesi bila kuchoka. Hakuna uovu wowote katika jina hilo. Hata hivyo, anayefikiria kulitafsiri kwa «pepo» akumbuke msomaji wake: kwetu, ukimwambia mtu kompyuta yake ina mapepo kumi na mawili, ataita mchungaji kabla ya fundi.

Kufungua pazia

Bonyeza kwa pamoja vitufe Ctrl, Maj na Échap. Linafunguka dirisha liitwalo «Gestionnaire des tâches», yaani msimamizi wa kazi. Likitokea dogo bila maelezo, bofya «Plus de détails» chini yake. Kuna nguzo nne za kutazama: prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao. Ukibofya kichwa cha nguzo, orodha inajipanga upya na mlaji mkubwa anapanda juu.

Anza kwa kuuliza ni nguzo gani inayolalamika, kwa sababu kila moja ina maana yake. Prosesa ikiwa juu muda wote huku hufanyi lolote, kuna programu inayohesabu kitu. Kumbukumbu ikijaa, Windows huanza kuhamishia sehemu ya mzigo kwenye diski, na diski ni polepole mno kuliko kumbukumbu, ndiyo maana kila bonyezo linachelewa. Diski ikikaa kwenye asilimia mia kwa dakika tano za mwanzo baada ya kuwasha kisha ikatulia, huo ni msongamano wa asubuhi: programu zote za kuanzia zimeamka pamoja. Wanaokatiwa umeme mara tatu kwa siku wanalipa dakika hizo tano mara tatu. Na ikiwa diski ni ya zamani, ile inayozunguka, nayo haitulii kabisa hata saa nzima ikipita, usizilaumu programu peke yake. Huenda diski yenyewe iko karibu kufa, na hapo dawa ni kunakili faili haraka na kutafuta diski nyingine.

Wanaoanza huogopeshwa bure na mstari mmoja. Ukiingia kwenye kichupo «Détails», utaona «Processus inactif du système» ikionyesha tisini na kitu kwa mia ya prosesa. Si programu inayokula. Ni njia ya Windows ya kuonyesha muda ambao prosesa haina kazi. Namba ikiwa kubwa, mashini imepumzika.

Kusoma jina

Sasa tumefika mahali ambapo mafunzo yetu ya kitivo yanafaa. Jina la programu ni matini, na matini ina mwandishi, ina mahali ilipotoka, na inaweza kughushiwa. Chukua «svchost.exe». Utaikuta imejirudia mara nyingi, pengine mara sitini, na mtu asiyejua huona uvamizi. Kumbe ni mwenyeji wa huduma za Windows: kila nakala yake imebeba huduma moja au zaidi. Tangu toleo la mwaka 2017 la Windows 10, mashini zenye kumbukumbu inayozidi gigabaiti 3.5 hutenga huduma nyingi kila moja na mwenyeji wake, ndipo orodha ikarefuka hivyo. Usiiguse.

Lakini soma herufi moja moja, kama unavyosoma uthibitisho wa chapa. Wapo walioandika virusi vikaitwa «scvhost.exe», c na v zikiwa zimebadilishana nafasi, wakijua kwamba jicho husoma umbo la neno zima na wala halihesabu herufi. Wapo waliochukua «lsass.exe», programu halali inayosimamia kuingia kwa watumiaji, wakaweka i kubwa mahali pa l ndogo. Kwenye skrini herufi hizo mbili zinafanana kama mapacha. Anayehariri miswada ameshakutana na makosa ya aina hii yakiwa bahati mbaya. Hapa yamepandwa kwa makusudi.

Jina peke yake halitoshi, kwa hiyo uliza pia makao. Bofya mstari kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kufungua mahali faili lilipo. «svchost.exe» halali hukaa ndani ya C:\Windows\System32, na ndugu yake wa biti 32 hukaa ndani ya SysWOW64. Ukimkuta mwenye jina hilo anaishi kwenye folda ya muda, «Temp», au ndani ya «AppData» ya mtumiaji, ujue ametumia jina lisilo lake. Kisha tazama sifa za faili, kwenye kichupo cha saini za kidijitali: je, imetiwa saini, na nani ametia? Wapo watengenezaji wadogo waaminifu wasiotia saini, kwa hiyo kukosekana kwake hakuthibitishi uovu. Lakini faili linalodai kuwa la Microsoft bila saini ya Microsoft linastahili kuchunguzwa zaidi.

Kesi ya mwaka 2005

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu majina ya uongo hakikutoka kwa wahalifu wa mtandaoni. Mwishoni mwa Oktoba 2005, Mark Russinovich, mtaalamu wa Windows aliyekuwa ameandika zana za kuchunguza mfumo huo, alikuwa akijaribu kwenye kompyuta yake programu yake mpya ya kutafuta vitu vilivyofichwa. Ikamwonyesha folda na faili ambazo Windows yenyewe ilidai hazipo. Alifuatilia hatua kwa hatua hadi akafika kwenye diski ya muziki ya Sony BMG aliyoinunua kihalali na kuisikiliza kwenye kompyuta hiyo. Diski ilikuwa imeweka programu ya kuzuia kunakili, iliyotengenezwa na kampuni ya Kiingereza, First 4 Internet.

Mambo matatu katika aliyoyaona yanahusu somo letu. La kwanza, programu ile ilificha kila faili, folda na mchakato ulioanza kwa alama $sys$. Russinovich alinakili programu ndogo ya kuandikia ya Windows, akaibandika alama hiyo mwanzoni mwa jina, nayo ikatoweka mbele ya macho yake. Yaani kiambishi awali kilikuwa kimegeuzwa amri ya kutokuwapo. Na mwandishi yeyote wa virusi aliyeanza jina la faili lake kwa alama ile angepata maficho ya bure kwenye mashini hizo. La pili, huduma iliyobaki ikifanya kazi chinichini ilikuwa imejiita «Plug and Play Device Manager», jina la kuchosha, la kiofisi, lililochaguliwa ili mtu alione na kuendelea na safari yake. Ilikagua michakato yote kila baada ya sekunde mbili na kula asilimia moja au mbili ya prosesa, hata diski ikiwa haimo. La tatu, alipoondoa faili zake kwa nguvu, kisomaji cha diski kilitoweka kwenye Windows, kwa sababu programu ilikuwa imejiunganisha katika njia ambayo mfumo hutumia kuzungumza na kisomaji hicho. Russinovich alijua namna ya kuurudisha mnyororo ule. Mtumiaji wa kawaida angebaki na kompyuta isiyoona diski.

Alichapisha maelezo yake tarehe 31 Oktoba, na katika mwezi wa Novemba kampuni ililazimika kuzirudisha diski hizo kutoka madukani. Mwaka uliofuata Microsoft ilinunua zana za Russinovich, na mbili kati yake bado zinatolewa bure: Process Explorer, ambayo huonyesha programu gani imezaa programu gani, na Autoruns, ambayo huorodhesha kila mahali ambapo kitu kinaweza kujiandikisha ili kiamke pamoja na mashini.

Kutokana na jambo la tatu tunapata kanuni ya kazi: zima kwanza, ondoa baadaye, na usifute faili kwa mkono ukiwa hujui limeshikamana na nini.

Mahali programu zinapojiandikisha

Kukatisha programu kwa «Fin de tâche» ni kumtoa mtu nje bila kufunga mlango. Kesho asubuhi atakuwa amerudi. Ni lazima kujua aliingilia wapi, na milango iko mingi.

Wa wazi zaidi ni kichupo «Démarrage» ndani ya Gestionnaire des tâches (kwenye Windows 11 kinaitwa «Applications de démarrage»). Kabla ya Windows 8 ya mwaka 2012 orodha hii ilikuwa ndani ya programu «msconfig», na kwenye mashini za Windows 7 bado iko huko. Kila mstari una jina, mtoaji, hali, na makadirio ya uzito wake wakati wa kuwasha: «Élevé», «Moyen», «Faible». Bofya kwa kulia, chagua «Désactiver». Hakuna kilichofutwa, programu bado ipo na utaifungua mwenyewe ukiihitaji. Programu za ujumbe, za muziki, za kusasisha kichapishi, za kuhifadhi picha mawinguni: karibu zote zinaweza kuzimwa hapa bila hasara. Ya antivirusi iache, na ya padi ya kugusa na ya sauti pia.

Mlango wa pili ni huduma, zinazoonekana kwa kuandika «services.msc». Hapa polepole. Wa tatu ni «Planificateur de tâches», ratiba ya kazi ambayo watu wachache huitazama, na kwa sababu hiyo wavamizi huipenda: kazi inapangwa iamke kila saa, iweke upya kile ulichokifuta, kisha ilale. Mtu akikuambia ameondoa programu mara nne nayo inarudi, mpeleke kwenye ratiba hiyo. Wa nne ni rejista, kwenye vifungu viitwavyo «Run». Wa tano ni kivinjari chenyewe, pamoja na viongezo vyake, na kile kibali cha arifa ambacho mtu alikitoa siku moja kwa kubofya «Autoriser» ili tu ukurasa umwache asome. Matangazo yanayotokea pembeni mwa skrini hata kivinjari kikiwa kimefungwa mara nyingi hutoka hapo, wala si virusi; yanazimwa kwenye mipangilio ya kivinjari baada ya sekunde thelathini.

Kupata mkosaji kati ya watuhumiwa wengi

Tuseme umezima za wazi, lakini mashini bado inaganda. Mwanafunzi wa fonolojia anajua la kufanya, ingawa pengine hajui kwamba anajua. Ukitaka kuthibitisha kwamba /p/ na /b/ ni fonimu mbili katika Kiswahili, unachukua «pata» na «bata»: kila kitu kimebaki vilevile isipokuwa sauti moja, na maana imebadilika. Ukibadilisha sauti mbili kwa mara moja hujathibitisha lolote. Kwa programu ni hivyohivyo. Anayezima vitu kumi na viwili, akaondoa vingine vitatu, akasasisha antivirusi, kisha akaona mashini imepona, hajui kilichoiponya, na tatizo likirudi ataanza upya.

Lakini kupima huduma arobaini moja baada ya nyingine, kwa kuwasha upya kila mara, ni kazi ya siku nzima. Hapo tumia nusu. Fungua «msconfig», kichupo «Services», weka alama kwenye «Masquer tous les services Microsoft» ili usije ukagusa zile za mfumo, kisha zima nusu ya zilizobaki na uwashe upya. Tatizo likiisha, mkosaji yumo katika nusu uliyoizima. Likiendelea, yumo katika nusu nyingine. Gawa tena. Huduma thelathini na mbili zinahitaji majaribio matano tu. Andika kwenye daftari kila hatua, saa na matokeo. Ni daftari lile lile la uwandani, mhojiwa tu ndiye amebadilika.

Zinazokula mega

Kwetu hili lina uzito kuliko uvivu wa mashini, maana mega tunanunua kwa kidogokidogo. Nenda kwenye mipangilio, «Réseau et Internet», kisha «Consommation des données»: utaona kila programu imetumia kiasi gani katika siku thelathini. Mara nyingi wa kwanza kwenye orodha ni Windows yenyewe pamoja na masasisho yake, ambayo si adui, ila yamechagua saa mbaya. Dawa ni kuutangaza mtandao wa simu yako kuwa «connexion limitée». Tangu hapo masasisho mengi yatasubiri hadi upate mtandao mwingine. Usiyazuie milele, kwa sababu baadhi yake yanaziba matundu ambayo wavamizi wanayajua tayari. Ukiwa kwenye wifi ya chuo, yaache yashuke.

Tazama pia «Optimisation de la distribution». Kuna kitufe cha kuruhusu kupakua kutoka kompyuta nyingine. Kikiwa kimewashwa hadi kwenye kompyuta za intaneti, mashini yako nayo inaweza kuwapelekea watu usiowajua vipande vya masasisho, kwa mega ulizolipia wewe. Kizime.

Flashi

Nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayowapata wanafunzi wengi zaidi, na kwa sababu inazivunja kanuni nilizotoa hapo juu. Mtu anakwenda kuchapisha kazi yake kwenye kibanda cha fotokopi karibu na chuo. Anarudi nyumbani, anachomeka flashi, na mahali pa folda zake anakuta raccourci zenye majina yaleyale. Anabofya, folda inafunguka kama kawaida, basi anaona hakuna tatizo. Tatizo lilianza kwenye bonyezo hilo.

Kilichotokea ni hiki. Folda zake halisi zimo bado ndani ya flashi, ila zimepewa sifa za kufichwa na za faili la mfumo ili zisionekane. Kila raccourci inafanya kazi mbili: inaendesha skripti iliyofichwa, kisha inafungua folda halisi ili mwenyewe asishtuke. Skripti inajinakili ndani ya mashini, inajiandikisha kwenye programu za kuanzia, na inakaa ikisubiri flashi nyingine yoyote itakayochomekwa. Hata ile diski ya nje unayotaka kuokolea rekodi zako.

Ukifungua Gestionnaire des tâches utamkuta anayeitwa «wscript.exe». Soma jina: limeandikwa sawasawa. Uliza makao: System32. Tazama saini: Microsoft. Yote ni kweli, na bado ni yeye. Programu hii ni halali. Kazi yake ni kusoma kwa sauti skripti yoyote anayopewa, na safari hii amepewa skripti mbaya. Aliyesoma Erving Goffman anakumbuka alivyotenganisha anayetamka maneno na aliyeyatunga. Mtamkaji hapa hana kosa, mtafute mtunzi. Nenda kwenye kichupo «Détails», bofya kichwa cha nguzo kwa kulia, chagua nguzo, uongeze «Ligne de commande». Sasa utaona wscript anasoma faili gani, na liko wapi: mara nyingi ni faili lenye mwisho wa .vbs au .js ndani ya «AppData» au «Temp».

Mpangilio wa kusafisha ni muhimu. Ukisafisha flashi kabla ya mashini, mashini itaichafua tena baada ya sekunde chache. Kwa hiyo andika kwanza njia ya faili la skripti kwenye karatasi. Chomoa flashi. Katisha wscript kwa «Fin de tâche», kisha futa faili lile la skripti. Zima mstari wake kwenye «Démarrage», na uangalie pia Planificateur de tâches. Washa upya mashini, uhakikishe wscript hajarudi. Hapo ndipo uchomeke flashi, bila kubofya raccourci yoyote, ufungue dirisha la amri na uandike, ikiwa flashi imepewa herufi E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zako zitaonekana tena. Futa raccourci zote pamoja na faili la skripti lililobaki kwenye flashi, ambalo sasa nalo limefunuliwa. Usiiformati flashi kabla ya amri hii: wengi wamefuta TFC nzima wakidhani virusi vimeshaila, nayo ilikuwa imefichwa tu.

Kama wscript anarudi baada ya yote hayo, shikilia kitufe cha Maj wakati unabofya «Redémarrer», ufuate njia hadi «mode sans échec». Humo Windows huamka na vitu vichache tu vya lazima, skripti haijaamka nao, na faili ambalo lilikataa kufutwa litafutika. Au tumia uchunguzi wa nje ya mfumo wa Microsoft Defender, «analyse hors ligne», ambao huwasha upya mashini na kuikagua kabla Windows yenyewe haijaamka. Huchukua kama robo saa hivi. Fungua kazi zako zote na uzifunge vizuri kabla ya kuuanzisha, na ikiwa mtaa wenu hukatiwa umeme jioni, ufanye asubuhi betri ikiwa imejaa.